Picha ya Mkaa

Jina la Mkaa alilipata shuleni, siku ya picha ya darasa. Mpiga picha aliyeitwa siku hiyo alipima mwanga kwa mashati meupe. Mashati yakatoka safi kabisa, na yeye, mweusi kuliko wote, akatoka meno na macho tu. Mwalimu akaipitisha picha mkono kwa mkono: "Tazameni, mkaa umevaa shati!" Darasa zima likavunjika mbavu. Alinisimulia habari hiyo mara moja tu, bila kucheka.

Alipofungua studio, ukuta mmoja na duka langu la fremu, aliandika juu ya mlango kwa herufi kubwa: STUDIO MKAA. Nikamwambia jina hilo litafukuza watu.

"Walinipa bure," akasema, "acha nilitumie. Likishakaa mlangoni kwangu, nani atanitukana nalo?"

Mimi nauza mbao na kioo. Jina kwangu ni kitu cha kumsimamisha mpita njia, basi. Lakini kazi yake niliielewa. Alipima mwanga shavuni, si kwenye shati. Nyuma alitundika pazia la rangi ya damu ya mzee, pembeni shuka jeupe la kurudisha mwanga usoni, na kwenye msumari koti la buluu iliyoiva, la kumvisha kila aliyekuja na shati jeupe. Mtu mweusi ti alitoka pale mweusi ti, ila unamwona mzima mzima: kovu, mkunjo wa jicho, mng'ao wa paji. Mama mmoja muuza mitumba aliishika picha yake akaitazama weee, kisha akasema, "Kumbe nina vishimo mashavuni!" Umri wote ule, na hajui. Akaagiza tatu kubwa, nikazitia fremu mimi.

Halafu jamaa mmoja akafungua studio ng'ambo ya barabara, na kompyuta. Unakaa, unapigwa, anabonyeza, unatoka rangi ya chai ya maziwa. Wateja wakaanza kumsumbua Mkaa.

"Mzee, nipandishe rangi kidogo."

"Unataka picha yako au ya jirani yako?"

"Ya jirani, kama yeye ni mweupe," mmoja akamjibu, akavuka barabara.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mkaa alikuwa anakunja shuka lake.

"Nunua kompyuta na wewe," nikamshauri. "Watu wape wanachotaka."

"Mtu asipoenea kwenye fremu yako, unakata fremu au unamkata mtu?"

"Nakata anachosema mwenye kununua."

Akanitazama kama mtu anayepima mwanga, akaingia ndani.

Kilichomvunja ni harusi ya binti yake, mtoto wake pekee, mpokea wageni kwenye ofisi moja kubwa. Mkaa alikuwa ameshafua pazia. Binti akamwita mtu wa ng'ambo. "Baba, usione vibaya," akamwambia mbele yangu. "Picha zako nzuri, ila zinanionyesha mno." Zilipotoka, bibi harusi alikuwa na uso wa mtu mmoja na mikono ya mwingine, maana jamaa alisahau mikono. Mkaa mwenyewe, pembeni, kama kamwagiwa unga.

Wiki ile alijipiga picha mwenyewe. Kamera juu ya miguu yake mitatu, pazia, shuka, koti lile lile la wateja, na kovu lake la kipajini linaonekana wazi. Akaniletea.

"Hii ndiyo itakayokaa mbele ya jeneza langu. Hii hii. Asiiguse mtu."

"Sawa, ndugu yangu."

Tukapeana mikono kama watu waliomaliza kupatana bei, na mpaka siku ile, mkono nikishautoa, sikuwa nimewahi kuurudisha nyuma. Nilimkatia mbao nyeusi, akaitundika sebuleni kwake. Studio akaifunga mwaka uliofuata. Juzi mapafu yakamchukua.

Kesho yake asubuhi binti akaja dukani, ile fremu kwapani na bahasha mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo. Nitolee hii, uniwekee hii."

Ya kwenye bahasha ilikuwa picha ile ile, imepita kwenye kompyuta ya ng'ambo ya barabara. Kovu la kipajini hakuna. Rangi ya majivu yenye maji. Chini, kwa herufi za dhahabu, jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kulisikia.

"Marahaba. Baba yako aliniachia neno, mwanangu."

"Najua. Lakini wakwe wanakuja, na bosi wangu. Pale sebuleni, kwa mbali, wataona giza tu." Akafuta kioo kwa kanga yake, ingawa hakikuwa na vumbi. "Unataka wamcheke tena?"

Hiyo "tena" ndiyo iliyonimaliza. Kumbe na yeye alisimuliwa ile picha ya shule.

Nikang'oa misumari. Karatasi mpya ilikuwa nyembamba, kioo kikawa kinacheza, nikairudisha ile ya zamani nyuma yake ili kibane. Msinipe sifa. Kipande chochote cha boksi kingefanya kazi hiyo.

Msibani niliketi karibu na mlango. Wakwe walisogea, wakaitazama picha, mmoja akasema marehemu alikuwa mtanashati. Baadaye akaingia yule mama wa mitumba, amezeeka, fimbo mkononi. Alisimama mbele ya jeneza, akaikazia macho picha, akasoma lile jina la dhahabu kwa sauti ya chini. Akawaomba radhi wafiwa, akageuka. Mlangoni akaniinamia.

"Samahani, baba, nimeingia nyumba siyo. Msiba wa Mkaa ni wapi?"

"Ni hapa, mama."

Akageuka akaitazama tena.

"Hapana," akasema. "Mkaa namjua mimi."

Akatoka kwenda kuuliza nyumba ya pili. Sikumfuata. Bosi alikuwa anaingia, nikasimama kumpisha.