Kiraka cha Ushi

Trekta la familia yetu linaitwa Ushi. Jina limegongwa kwa patasi kwenye bati la boneti, ubavu ule unaotazama ukuta wa banda, na kila mwaka baba mkubwa hulipaka nyeupe kwa brashi ya wanja, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Mgeni akiuliza, anaonyeshwa vibati vilivyopinda juu ya taa. "Huzioni nyushi zile? Marehemu baba alilinunua mnadani, akalitazama usoni, akalipa jina."

Baba mkubwa hakuoa. Ana trekta. Halijalima tangu nizaliwe, lakini analiosha, analifunika shuka, na nikimuudhi anakwenda kunisemea kwake. Watu humwita Bwana Harusi wa Chuma, wakishafika mbali.

Ng'ambo ya barabara kuna mama fundi cherehani. Ujanani walitaka kuoana. Babu akakataa, kwa sababu baba wa binti alikuwa mlinzi wa ushirika wa wakulima, na trekta la ushirika lilipotea kwenye zamu yake. Alifungwa, akafia hukohuko. "Hatuoi kwa wezi," babu akasema, na baba mkubwa akatii. Mwaka uliofuata babu akaja na Ushi, jekundu, linang'aa. Tangu hapo wale wawili wamebaki na salamu ya kichwa tu, kila jioni, barabara ikiwa katikati.

Mimi diploma yangu ya umakanika iliniishia njiani, kwa hiyo naitwa Injinia Nusu. Juzi nikapewa kazi ya kulipiga msasa trekta. Mara baada ya neno Ushi kuna kiraka cha bati kilichopigwa misumari ya ribiti. Babu alisema aligonga mti. Kutu ilishakila. Nikakata ribiti, nikakibandua.

Chini yake hapakuwa na tundu wala bonyeo. Palikuwa na herufi nne, patasi ileile: RIKA.

"Baba mkubwa! Njoo, Ushi ameota mkia!"

Alikuja akicheka. Akasoma kwa kidole, kutoka mwanzo. U-shi-ri-ka. Akarudia, kama mtu anayetafuta namna nyingine ya kulisoma.

"Labda bati halikumtosha kufunika lote," nikasema. "Mzee alikuwa bahili hata kwenye wizi..."

"Nyamaza."

Akavuka barabara. Alirudi na mama fundi, utepe wa kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani. Hakuwahi kukanyaga banda letu. Alipitisha ukucha ndani ya ile R.

"Baba yangu ndiye aliyezigonga," akasema. "Ili lisiibwe. Alisema patasi ilimteleza kwenye R, ikatoka na mguu mrefu. Huu hapa."

"Nitawaambia watu," baba mkubwa akasema. "Leo hii."

"Watu gani? Waliomtemea mate tumeshawazika."

"Basi niambie wewe nifanye nini."

"Mimi tena? Miaka yote hiyo ulikuwa nalo humu ndani, hukuuliza hata hicho kiraka kinaficha nini. Ukawa unapaka rangi."

Hakupaza sauti. Alivuka barabara, na punde tukasikia cherehani ikianza.

Jioni baba mkubwa alisimama mlangoni pa banda, amevaa shati safi. Ng'ambo, meza ya cherehani ilikuwa imegeuzwa. Tuliona mgongo wa mama fundi, na mguu ukikanyaga.

Baba mkubwa akainamisha kichwa hivyohivyo.