Duka Lililofungwa kwa Heshima

Enzi zetu hapa Vitengeni duka lilikuwa moja, na hilo moja likifungwa, mji mzima ulitulia kama umekatazwa kupika. Lilikuwa la Mzee Charo. Sukari aliipima kwa kopo, akaikunja ndani ya karatasi ya gazeti mpaka ikawa kama pembe. Mtoto uliyetumwa ukishika adabu, ukasema shikamoo kwa sauti, alikutilia kipande cha sukari guru mkononi. Mimi na dada yangu Kadzo tulikilamba kwa zamu njia nzima, tukafika nyumbani vidole vinanata vumbi. Wajukuu zangu leo ukiwatuma hapo barabarani tu, wanaita bodaboda. Miguu wamepewa ya mapambo.

Mzee Charo alikuwa na desturi moja, na sote tuliisifu. Mtu akifa, alifunga duka. Halifunguliwi mpaka hanga liishe, yale matanga ya kwanza ya kukaa na wafiwa baada ya kuzika. Alisema hawezi kupima chumvi na huku jirani analia. Heshima kubwa hiyo. Lakini mwenye kufiwa ndiye mwenye wageni, na wageni wanakunywa chai.

Alipofariki hawe, nyanya yetu mzaa baba, watu walijaa uwanjani mpaka kwenye shamba la muhogo. Sukari haikutosha hata siku ya kwanza. Mama akatutuma mji wa jirani, Ganze, kwa miguu, mimi na Kadzo. Mchanga wa njia ile ulichoma kama kikaango, na viatu hatukuwa navyo. Tulirudi jioni na mfuko kichwani, kisigino cha Kadzo kimepasuka kinatoa damu. Wageni wengine walishaondoka na midomo mikavu. Mama aliupokea mfuko, akautazama mguu ule, akasema, "Charo angetuheshimu kidogo tu, ingetosha."

Sijayasahau maneno hayo. Ndiyo maana juzi barazani, tulipoulizwa kama tunakubali supamaketi ijengwe kwenye kiwanja tulichochezea nage, nilisimama. Mwenye kutaka kujenga alishasema, tukikataa anaenda zake mji mwingine. Na Kahindi, mtoto wa Mzee Charo, anayeshika duka la baba yake hadi leo, alikuwa amewageuza nusu nzima ya watu wakatae.

"Mama Karisa," akaniambia mbele za watu, "hao wakija, siku ukifa hata mlango hawataurudisha. Watakuwa wanauza biskuti!"

Watu wakacheka.

"Na wauze," nikamjibu. "Wewe ukifunga, wanangu watawapa waombolezaji maji ya moto bila sukari?"

"Desturi ya baba unaikanyaga!"

"Baba yako nilimpenda. Muulize Kadzo kisigino chake."

Kadzo alikuwa amekaa nyuma yangu, bibi kizee kama mimi. Akavua ndara, akauinua mguu juu kama anayepiga kura nao. Kovu lipo. Hata Kahindi alicheka. Mikono mingi ya kukubali ikainuka, wangu wa kwanza. Na wale akina mama wa mchicha na bamia wanaoogopa kukosa wateja, nimewaambia tutadai meza pale mlangoni, na mimi nitakaa hapo mpaka tupewe.

Najua tunachopoteza. Hakuna atakayemkunjia mtoto karatasi wala kumuuliza mama yake ameamkaje. Mashine ya kulipia haijui ni nyumba gani inalia. Zamani ule mlango wa mbao ukifungwa, hata mpita njia alishusha sauti, nasi wafiwa tuliona kama mlango nao unalia pamoja nasi. Hilo halitarudi.

Lakini siku yangu ikifika, supamaketi iwe wazi. Kahindi akitaka kufunga lake, afunge, aje akae mkekani. Chai atakayoikuta itakuwa na sukari, na hakuna mtoto atakayekuwa njiani kwenda Ganze.