Sekunde Kumi za Kimya

Mtangazaji wetu wa Jumamosi asubuhi, hapa redio ya mtaa Geelong, huvua viatu kabla ya kwenda hewani, na kila wimbo mpya huusikiliza amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi wa mama mkwe. Desemba nzima hagusi nyimbo za Krismasi za madukani. Anapiga za watu waliojirekodi gerejini kwao, na huwapigia simu kwanza awaulize majina yao yanatamkwaje. Leo alichagua wimbo wa muuguzi mmoja wa Ballarat, kuhusu Krismasi yake ya kwanza tangu mama yake afariki. Katikati ya wimbo mwanamke huyo ananyamaza sekunde kumi na mbili. Sasa, studio ina mashine: kimya kikifika sekunde kumi, inaweka yenyewe nyimbo za kengele na theluji, na huku kwetu Desemba ni kiangazi, nje lami inayeyuka kwa jua. Meneja wetu Glenys alishamwonya: mashine ikimkatiza tena, kipindi anapewa mwingine.

"Kifupishe hicho kimya, kaka," nikamwambia, mimi fundi mitambo wake.

"Kafupishe matanga ya kwenu," akanijibu.

Kimya kikaanza. Glenys akaja kusimama nyuma ya kioo. Kidole cha mtangazaji kikawa kinahesabu mezani: saba, nane. Kwenye tisa akafungua maikrofoni, akashusha pumzi moja, taratibu. Mashine ikasikia sauti, ikatulia. Mwanamke akarudi kuimba.

Glenys akafungua mlango. "Wewe, umepumua hewani?"

"Nilikuwa namsubiri, bosi. Sasa kuhusu kipindi..."

"Nyamaza," akasema Glenys, akivuta kiti. "Wimbo haujaisha."