Siku Kanyiva Alipomweka Mama Yake Benchi

Mtu akikuambia kwamba Gordon ndiye aliyeijenga timu ya wasichana ya Chuo cha Upeo, muulize ni nani aliyekuwa akiufagia uwanja ule wa Komarock wakati Gordon hajajua hata mpira wa kikapu unashikwaje. Alikuwa Kanyiva. Kanyiva binti wa dereva wa baraza la jiji, aliyetolewa shule darasa la tatu ili kaka zake wasome, akajifunza mchezo kwa kusimama pembeni mwa uwanja wa mtaa, hadi jioni moja timu ya akina mama ilipopungukiwa mtu. Aliingia na sketi yake ya kanisani. Hakutoka tena mpaka goti lilipokataa.

Upeo walimpa wasichana wao wa ukarani awafundishe kwa sababu hakuna mwanamume aliyeitaka kazi hiyo. Alipoanza kushinda, wakaitaka. Ndivyo ilivyo siku zote: chungu kikiwa kitupu ni cha mwanamke, kikishaiva kinapata wenyewe. Wakamletea Gordon awe msaidizi wake. Kijana mchangamfu, mwenye maneno matamu. Alimwita Kanyiva "Mathe," kama mama mzazi, akala kwake kila Jumapili, akasifu muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, akamsikiliza akizungumza habari za timu mpaka sufuria ikakauka. Kisha akahamia Chuo cha Tumaini Jema kule Kariobangi kuwa kocha mkuu, na kila alichokisikia mezani pa Kanyiva akaenda nacho.

Alikwenda hasa na habari za Muthoki.

Muthoki alikuwa mchezaji bora wa Upeo, tena binti wa kaka yake Kanyiva. Alipozaliwa alipewa jina la bibi yake, yaani mama mzazi wa Kanyiva, kama Wakamba wafanyavyo. Na kwa Wakamba jina si kitu cha kuitikia tu. Aliyepewa jina la mama yako ni mama yako. Kanyiva, mwanamke wa miaka arobaini na sita, alimwita msichana yule "Mwaitu," mama yangu, naye Muthoki alimwita shangazi yake "mwanangu," wakacheka. Kanyiva aliwakaripia wachezaji wote, lakini Muthoki hakumpandishia sauti. Wala hakuwahi kumtoa uwanjani. Mama hafukuzwi mbele za watu.

Gordon alilijua hilo. Katika fainali ya mwaka wa tisini na tano aliwaambia wasichana wake wamshambulie Muthoki na kumwacha kila mtu mwingine. Muthoki akafanya faulo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kipindi cha pili kilikuwa bado kibichi. Mchezaji akifikisha faulo tano amekwisha, na kila kocha humkalisha aliye na nne amhifadhi kwa ajili ya mwisho. Kanyiva alimtazama binti yule mwenye jina la marehemu mama yake. Hakumtoa. Punde ikaja ya tano, Muthoki akatoka akilia, na Upeo wakaporomoka kama ukuta wa udongo. Gordon akabebwa juu na kombe lake.

Wiki iliyofuata Bwana Nzivo, mkuu wa chuo, alimwita Kanyiva ofisini. Hakumwambia aketi.

"Mama Kanyiva, nakupa mwaka mmoja. Ukishindwa tena, timu nampa mtu mwenye cheti."

"Na hao niliowashinda miaka yote, hawakuwa na vyeti?"

"Mwaka mmoja, mama."

Alitoka pale na uchungu uliokaa naye mwaka mzima kama mwiba wa samaki kooni. Mume alishamwacha. Goti lilishamwacha. Timu ile ndiyo peke yake iliyokuwa bado inaitika akiita.

Basi mwaka ukazunguka, na fainali ikawakutanisha tena Upeo na Tumaini Jema, huko huko Kariobangi. Mafundi wa jua kali waliacha masufuria na nyundo zao wakaja kuuzunguka uwanja wa saruji. Gordon alifika na miwani ya jua na suti mpya ya michezo.

"Niaje, Mathe! Leo tena utatulilia?"

"Vua miwani kwanza, Gordon. Usije ukakosa kuona unavyopigwa."

Watu wakaangua kicheko. Gordon naye alicheka, lakini cha meno tu. Alikuja na mpango ule ule; kwa nini autupe, na ulishampa kombe? Filimbi ikalia, na kila mpira wa Tumaini Jema ukaelekea upande wa Muthoki. Walimwendea kwa mabega, wakamwangukia, wakapiga mayowe refa asikie. Kufikia mapumziko Muthoki alikuwa na faulo tatu. Tumaini Jema walikuwa mbele kwa pointi nne. Kipindi cha pili hakijapoa, ikaja ya nne.

Uwanja mzima uligeuka kumtazama Kanyiva. Hadithi ilishasambaa Kariobangi yote.

"Kocha, mtoe cucu!" fundi mmoja alipaza sauti, akimwita Muthoki bibi kwa Kikuyu. "Mtoe cucu, mgongo unamuuma!"

"Hawezi! Atalaaniwa!"

Gordon alikunja mikono akangoja, kama mtu aliyeagiza chai na kuiona inakuja.

Kanyiva alimwona mama yake. Hakumwona kimzimu; alimkumbuka tu alivyokuwa akija kutoka kijijini kuwatembelea kwa baba yao pale nyumba za baraza, amechoka na safari, na jinsi yeye na ndugu zake walivyokimbia kumtandikia. Hakuna aliyemwambia mama, "Toka juani." Walisema, "Mama, karibu uketi." Na mama akiketi hakuwa amefukuzwa. Alikuwa ametunzwa.

Akaomba muda wa mapumziko. Akaifungua leso aliyojifunga kiunoni, akaikung'uta, akaitandika vizuri kwenye benchi. Kisha akaenda mpaka kwenye mstari, akanyoosha mikono yote miwili kama apokeaye mgeni.

"Mwaitu, umefanya kazi ya kutosha. Njoo uketi. Wanao wapo."

Muthoki alimkodolea macho. Kisha midomo ikamcheza. "Na mkishindwa, mwanangu?"

"Nitakuamsha. Njoo, mama."

Msichana akaja, akaketi juu ya leso kama malkia, akapewa maji.

"Kezia!" Kanyiva akamgeukia msichana mrefu wa kutoka Busia aliyekaa benchini. "Unajua wataleta mpira wapi?"

"Hapo hapo kwa Muthoki, kocha."

"Basi kaa hapo hapo. Jacklyne, wewe simama nyuma yake. Upande mwingine tumwachie Mungu, hawataukumbuka."

Na kweli hawakuukumbuka. Wasichana wa Gordon walikuwa wamefundishwa njia moja mwaka mzima, na miguu yao ikaifuata kama punda ajuaye nyumbani. Walipoingia, walimkuta Kezia, faulo hana hata moja. Wakimpita Kezia, Jacklyne yupo. Mpira ukanyang'anywa, ukanyang'anywa tena, ukakimbizwa upande wa pili. Gordon alikuwa na nafasi ya kuusimamisha mchezo awapange upya. Hakuitumia. Aliinyoosha shingo tu kuelekea benchi la Upeo, akisubiri Muthoki arudishwe, maana aliamini Kanyiva hatastahimili.

Kanyiva alistahimili. Alimweka mama yake kivulini mpaka pointi zikalingana, mpaka wale wasichana wa Kariobangi wakaanza kushika magoti kila filimbi ikilia. Hapo ndipo alipoinama.

"Mwaitu, amka. Nyumba inakuhitaji."

Muthoki aliingia na mapafu mapya. Hakuna aliyeweza hata kumsogelea apate kumwangukia. Alifunga, akafunga tena, akampa Kezia naye akafunga. Gordon sasa aliomba muda, akapiga kelele mpaka miwani ikamdondoka, lakini mtu hachimbi kisima nyumba ikishika moto. Filimbi ya mwisho ilipolia Upeo walikuwa mbele kwa pointi tisa, na mafundi wa Kariobangi, watu wasio na aibu, walikuwa wakigonga mabati kwa ajili ya timu ya Komarock.

"Cucu! Cucu! Cucu!"

Bwana Nzivo alipenya umati, mikono mbele. "Mama Kanyiva! Mimi nilijua!"

"Hukujua," Kanyiva alimjibu, wasichana wote wakisikia. "Sasa waambie hawa, mwaka ujao kocha wao ni nani."

Bwana Nzivo alikohoa. "Ni... ni mama huyu."

"Ana jina."

"Kocha Kanyiva," akasema Bwana Nzivo, na safari hii kwa sauti.

Wasichana walimnyanyua, goti bovu na yote. Alipotua, Gordon alikuwa amesimama mbele yake, mkono umenyooshwa, uso umemshuka. Kanyiva aliupokea. Hakuwa amemsamehe, wala hakujisingizia. Aliushika mkono ule muda mrefu, akautikisa polepole, ili kila aliyekuja Kariobangi siku ile apate kuona vizuri ni nani anayempongeza nani.