Mwasumini Ulionyweshwa Kombe

Nimewahi kutibu mgonjwa mmoja tu maishani mwangu, na mgonjwa huyo alikuwa mti wa asumini. Nilimpa kombe, nikamfukiza ubani, na kama si kuona haya ningemvika hirizi.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita vya Waingereza na Wadachi, nyumbani kwetu Amu. Mama alikuwa ameshafariki, baba hashughuliki na lolote lisilo la dukani, na mdogo wangu wa pekee alikuwa ameposwa. Arusi iliwekwa mwishoni mwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Bibi arusi wetu hakuwa na makuu. Dhahabu aliyoletewa aliitazama mara moja akairudisha kwenye kasha. Alitaka jambo moja: siku ya kutolewa mbele ya wanawake avae koja la asumini za mama, za mti alioupanda mama mwenyewe kiwandani, kwenye ua wa katikati ya nyumba.

"Nikisikia harufu yake," aliniambia, "taona kama mama yupo."

Nikamwambia aniachie mimi. Nilikuwa mtu wa kusema hivyo kwa kila jambo.

Na kwa mti ule nilikuwa na kiburi kisicho kifani. Kila mwaka asumini zetu ndizo zilizotangulia kuchanua mtaani. Jirani yetu, mjane mmoja aliyekaa ng'ambo ya wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba mbili, naye alikuwa na mti wake. Lakini kiwanda chake kilikuwa chembamba, kuta ndefu, jua haliingii ila adhuhuri. Zetu zikiisha ndipo zake zinapoanza, nami nilimcheka waziwazi.

"Bi, mti wako ungali usingizini?"

"Hauna haraka, mwanangu," alinijibu. "Utakuya."

Mwaka ule masika yalitudanganya. Wingu lilitanda juu ya Manda, watu wakatoa mitungi na masufuria, kisha likapita zake likanyesha baharini, kana kwamba bahari ndiyo iliyopungukiwa na maji. Wazee walisema mvua si zile za ujana wao. Sikuwasikiliza, kwa sababu wazee husema hivyo hata kuhusu chumvi. Maji matamu yaliyoletwa kwa punda kutoka Shela yakawa ya kunywa watu tu, kwa hiyo mti niliupa maji ya kisima cha nyumbani, ambacho kwa kukosa mvua kilikuwa kimeingia chumvi hata ukinawa uso macho yanawasha. Majani yakaungua pembezoni. Nikaongeza maji. Yakaanza kupukutika. Nikaongeza tena, asubuhi na jioni, kwa mapenzi makubwa.

Mwenye akili angeyaonja yale maji. Mimi nilitazama upande wa wikio. Siku chache nyuma jirani alisimama kiwandani kwetu akasema, "Mashallah, huu ndio mti wa mama yako." Nikapata jawabu: mti umepigwa jicho. Mashallah alisema, sikatai, lakini niliona ameisema upesi.

Nikaenda kwa mjomba wangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, kuomba kombe: aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Sikumwambia mgonjwa ni nani.

"Yuwala?" aliuliza mjomba.

"Hali. Yuwanwa mayi tu."

"Ana homa?"

"Hana. Yuwapukutika."

Mjomba akaacha kuandika. "Yuwapukutika nyele?"

"Kila kitu."

Akanitazama kwa huruma, akaongeza aya. "Basi msimtoe yuwani," akasema, kana kwamba mti una pa kulikimbia jua.

Nililimimina kombe lote shinani, nikaufukiza mti ubani mpaka moshi ukavuka wikio ukaingia kwa jirani. Alikohoa mchana kutwa asiulize kitu. Mti ukaangusha majani yaliyosalia. Hapo nikapandwa na hasira, nikaususa. Sikuutilia tena hata tone, na nikipita kiwandani nageuza uso kama mtu aliyetukanwa.

Katikati ya Ramadhani ikanyesha mvua ya mchoo, ile mvua fupi ya Kusi, ikakoma. Na mti niliouzira ukatoa matumba mengi kuliko majani. Leo najua kwamba asumini ikikaa na kiu kisha ikapata mvua ya ghafla, huchanua kama yenye hofu ya kutochanua tena. Wakati ule nilijua tu kwamba kombe limefanya kazi na tabibu ni mimi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikisimulia.

Jioni ya Idi zikafunguka zote. Mdogo wangu alisimama akizitazama, akauliza taratibu, "Dada, na za arusi?"

"Tazieka," nikasema.

Asumini haiwekeki. Jioni imefunguka, asubuhi imegeuka rangi ya kahawa. Nilizifunga kwa kitambaa kibichi, nikazitia mtungini, nikazifukia kwenye mchanga baridi chini ya kitanda cha baba, akaamka akiuliza nani amekufa. Nilimwomba aiharakishe arusi. Akaniuliza kama bwana arusi naye amechanua.

Siku yenyewe ilipofika, mti wetu ulikuwa vijiti vitupu. Mdogo wangu hakulia wala hakunilaumu. Alisema dhahabu inatosha, akageukia kioo chake, na moyo wangu ukaniuma kuliko kama angenitukana. Nikajifunika buibui gubigubi, ingawa wikioni hapapiti mwanamume, nikavuka kwa jirani.

Mti wake wa kivulini, uliochelewa kama ada yake, ulikuwa ndiyo kwanza umejaa. Mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, sinia ya asumini mapajani, koja amelifikisha nusu.

"Ndoo uketi, ushike uzi," akasema. Kisha akajigusa jicho, akacheka. "Jito langu usiliogope. Limeshiba ubani."

Niliketi nikatunga maua, uso unaniwaka. Mwisho nikashindwa kunyamaza. "Bi, Mungu akulipe. Lakini yeye alitaka za mama."

"Na hizi ni za nani? Mti huu ni kijiti cha mti wenu. Mama yako alinikatia kwa mkono wake, mwaka alipomzaa huyu bibi arusi. Akanambia, 'Kwako hapana yuwa, wako utakuya nyuma. Mvua ikinidanganya mimi, tapata kwako.'"

Tulilimaliza koja pamoja, nikalipeleka nyumbani mikononi kama mtoto mchanga.

Nilipomvika, mdogo wangu alifumba macho akavuta pumzi, akakaa nayo kifuani. Kisha akanishika mkono.

"Dada, kumbe umezieka kweli."

"Si mimi," nikamwambia. "Ni mama aliyezieka."

Nikatoka kwenda kulia jikoni, na walioniuliza nikawaambia ni moshi wa ubani.