Doa la Bibi Harusi

Ukitaka kumwona Sharifo amechemka, nenda kibandani kwake karibu na msikiti, Bungoma mjini, umwambie, "Nipe sabuni ya kojiki niwe mweupe." Atakutazama juu mpaka chini kana kwamba umekanyaga mkeka wake na matope. Sabuni anayo, tena ya kutosha, lakini huwauzia wenye madoa ya chunusi peke yao. Wala hafichi kwamba dawa iliyomo hutokana na ukungu, ndugu wa ule unaoharibu mahindi ghalani. Wakulima wa Tongaren hucheka hadi machozi. "Ati sisi tunatupa ukungu na wewe unatuuzia? Si ni maajabu, bana!" Hucheka, na wenye madoa hununua pia, baada ya kuahidi kujifunika vizuri shambani, maana ngozi iliyooshwa kwa sabuni hiyo haipatani na jua. Namvulia kofia mama huyu, anayefukuza wateja kwa ajili ya afya yao.

Mwaka huu bintiye, Khairunisa, aliposwa na Ubaid wa Kitale. Akawekwa ndani kama ilivyo ada, asipigwe na jua, akisuguliwa liwa kila jioni. Harusi ilipokaribia, shangazi yake Ubaid akafika na katoni nzima ya sabuni ile.

"Mama Khairunisa, msugue nayo mwili wote. Saa hii ako ndani, itashika vizuri. Kwetu watu wamezoea maharusi weupe."

Sharifo aliitazama katoni. Kukataa ni kuwaudhi wakwe kabla ndoa haijafungwa, na wakiudhika, atakayeumia ni mwanawe. Kabla hajajibu, Khairunisa akatokeza nyuma ya pazia.

"Mama, unauzia watu kila siku. Mbona mimi unaninyima?"

Hilo lilimchoma. Akachukua kioo, akampa. "Hao huja na doa. Nionyeshe lako, nitakuosha mimi mwenyewe."

Msichana akageuza shavu huku, akageuza kule, akainua kidevu. Alitafuta kwa bidii. Machozi yakamlengalenga, kisha akacheka. "Sina, Mama."

"Basi rudi ukapumzike."

Sharifo akamgeukia mgeni. "Mwambie Ubaid, kama alimpenda alivyomwona, atamkuta vilevile. Kama hapana, harusi haipo."

Shangazi alihakikisha pazia limefungwa, akatoa mikono aliyokuwa ameificha ndani ya buibui. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi tititi, na kwingine ngozi imejaa mabaka mekundu.

"Huyo mtoto mwache vile ako," akanong'ona. "Mimi nimejipaka miaka mingi, si sabuni tu, kila kitu. Rangi yangu itarudi, dada?"

Sharifo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akaishika mikono ile kwa upole.

"Sijui," akasema. "Lakini harusi ikiisha, tunaenda kwa daktari, mimi na wewe."