Dakika Sita za Bateri, Gitega hadi Muyinga

Niliondoka nyumbani kwetu Nyamugari, mjini Gitega, kwa sababu shangazi yangu Mwajuma alikuwa anapoteza macho kule Muyinga, na ndege yangu alikuwa hajaiona. Sababu ni hiyo tu. Wengine wanasafiri kwa biashara, wengine kwa msiba. Mimi nilisafiri na ndege ya kuchezea iliyofungwa kwenye shuka, vita vikiendelea, na sioni haya kusema hivyo.

Shangazi ni fundi cherehani. Alinilea miaka mitatu mama alipokuwa mgonjwa, na miaka hiyo nilikuwa nakunja ndege kwa karatasi zake za kukatia nguo, nazirusha juu ya mashine, zinaangukia kwenye sindano. Hakunipiga hata siku moja. Alikuwa anasema tu: "Shabani, siku utakayotengeneza moja inaruka chali, uniite." Nikaahidi. Halafu ikaja barua, imeandikwa kwa mkono wa jirani: macho yameingia ukungu, kama ndege iko tayari niilete upesi. Ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao daktari anautoa kabla chai haijapoa. Lakini daktari mwenyewe yuko Bujumbura, na barabara ya Bujumbura wakati ule mtu hakuipita ila kwa shida kubwa. Kwa hiyo mama aliyevalisha nusu ya mji wa Muyinga akae tu gizani, asubiri wanaume wachoke kupigana! Nilipoisoma barua niliitupa chini, nikaiokota, nikaitupa tena.

Ndege ilikuwa tayari, ila isingekuwa tayari kama si ukaidi. Bwana Firoz, mwenye duka la jumla pale sokoni, aliletewa kutoka Dubai boksi la ndege ya umeme, likafika limepondwa kabisa. Mwili ulikuwa unga mtupu. Mota, bateri, chaja, na ile telekomande ya kuiongozea vilikuwa vizima. Nilikuwa nimemtengenezea redio yake, akaniambia: "Chukua takataka hiyo, Shabani, nipate nafasi ya sabuni." Takataka! Nilibeba boksi lile kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

Mwili nikauunda upya kwa frigoliti, lile povu jeupe, gumu na jepesi, linalofungia televisheni kwenye maboksi. Ndani ya mabawa niliweka mbavu za mwavuli, na waya za kuvutia mkia nilizitoa kwenye spoki za baiskeli. Gundi sikuhangaika nayo. Baba yangu ni fundi viatu na babu alikuwa fundi viatu. Kama kuna nyumba Gitega inayojua gundi, ni yetu. Nikapaka gundi ya viatu kwenye bawa zima, vizuri, kwa ufundi, nikaenda kula. Niliporudi bawa lilikuwa limeyeyuka kama sukari kwenye uji. Gundi yetu ya fahari inakula frigoliti! Baba alicheka hadi akashika mbavu. "Sha, we umepata kiatu ambacho hatukijui."

Ndege ya pili niliigandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo, ule wa kubandikia karatasi ukutani. Ukikauka unashika kama msumari. Adui yake ni mmoja, maji. Hiyo ndege iliruka. Wiki tatu iliniangukia kwenye uwanja wa mpira, wiki ya nne ikakubali kuzunguka, kugeuka chali, na mwisho kusimama wima hewani, pua juu na mkia chini, ikijining'iniza kwa helisi yake, lile panga la puani, kama mtu aliyeshika tawi kwa mkono mmoja. Siku hiyo nilikimbia uwanja mzima nikipiga kelele peke yangu.

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumatano, wanajeshi walipokwisha kufungua barabara, nilipanda lori la Bwana Firoz lililokuwa linapeleka chumvi na sabuni Muyinga. Dereva alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa maneno machache na kofia mbili, moja juu ya nyingine. Ndege niliiweka magotini. Bateri nilikuwa nimeijaza usiku uliopita, umeme ulipokuwapo. Ikijaa inarusha dakika sita, si zaidi, na bateri za aina ile ukizikausha kabisa haziamki tena. Muyinga, barua ilikuwa imesema, umeme haukuwapo mwezi mzima. Kwa hiyo dakika zangu sita ndizo zilikuwa safari yenyewe.

Kwenye daraja la Ruvubu tulikuta bariyeri ya kwanza, kizuizi cha wanajeshi. Mwanajeshi mmoja mrefu, mchanga kama mimi, alinyoosha kidole kwenye shuka.

"Iko nini hii?"

"Iko avioni, Afande. Ya kuchezea."

"Avioni? Na hii yenye antena?"

"Ni ya kuiongozea."

"Eh! Unaongoza nini? Fungua. Mi nataka nione ikizunguka."

Nikaiwasha kidogo, helisi ikavuma, nikazima. Akawaita wenzake. Nikawasha tena. Mmoja akanipokonya telekomande, akasukuma kijiti mpaka mwisho, helisi ikapiga kelele nami nimeshika mwili wa ndege kwa mikono miwili. Wanacheka. Nikamwambia yule mrefu, kwa heshima kabisa, bateri ni ndogo, naipelekea shangazi yangu anayepofuka, apate kuiona mara moja.

Akacheka zaidi. "Kipofu ataangalia avioni? We unampelekea kipofu avioni?"

Nikafunga shuka. Anayebishana na bunduki hafiki Muyinga. Lakini ndani nilikuwa nachemka, na nikisema kweli, mpaka leo sufuria haijaepuliwa. Mtu akikuta maiti barabarani haulizi, akikuta ndege ya frigoliti anafanya upelelezi!

Kabla ya Karuzi, bariyeri ya pili. Vivyo hivyo. Baada ya Karuzi mvua ikashuka, na kwenye bariyeri ya tatu mwanajeshi mwenye koti la plastiki, yeye mkavu kabisa, aliniamuru nishuke niifungue ndege pale pale mvuani. "Iwashe." Nikamwomba twende chini ya turubai lao. "Iwashe, nimesema!" Nikawasha. Mzee Hamisi alitoka kwenye usukani, akavua kofia yake ya juu akafunika nayo mota. Nikampenda siku ile. Lakini uji wa muhogo ulikuwa umekwisha kunywa maji, na tulipoondoka bawa la kushoto lilikuwa limelala kwenye mapaja yangu, limejitenga na mwili. Mzee Hamisi alilitazama. "Bawa liko, na mwenyewe uko. Shida iko wapi? Lingepotea ndiyo ungelia." Nililia hivyo hivyo, kidogo, nikijifanya ni mvua.

Tulifika Muyinga saa tisa alasiri. Shangazi alikuwa amekaa ndani, chumba cha nyuma, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua. Alinishika uso kwa mikono miwili.

"Umekonda. Mama yako hakulishi?"

"Ananilisha, Shangazi. Ni safari."

Nikaona mashine yake ya kushonea. Imesukumwa kwenye kona, imefunikwa khanga, na juu yake wamepanga masufuria. Mkazamwana wake, Asha, mtoto wa watu mpole sana, aliniambia kwa sauti ya chini: "Haoni tena, Shabani. Tumemwambia apumzike." Masufuria juu ya cherehani ya Shangazi Mwajuma! Nilitaka kuyatupa nje yote.

Nilimweleza shangazi habari ya bawa. Hakusikitika. Alilichukua, akapitisha vidole ukingoni, akapitisha kwenye mbavu za mwavuli. "Kumbe hii ni kama godoro," akasema. "Gundi ya nini? Hii inashonwa." Akaomba kopo lake la biskuti, lile la nyuzi, ambamo kila rangi ina pembe yake miaka yote. Mkono ukaenda moja kwa moja pembe ya kushoto. "Nyekundu," akasema, "ili ionekane huko juu."

Ulikuwa uzi mweusi. Asha alikuwa amepanga kopo upya.

Nilifikiri: miaka arobaini ya cherehani, halafu mimi ndiye nimwambie hajui tena nyekundu na nyeusi? Moyo wangu haukuweza. Nikamtungia sindano, na yeye kwa vidole tu akashona bawa kwenye mwili, mishono mikubwa ya godoro, uzi mnene, mweusi kama masizi juu ya ule weupe. "Nyekundu imetoka vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, Shangazi."

Asubuhi ya Alhamisi nilipima bateri. Ilibaki labda dakika moja. Chaja yangu inakula hata kwenye bateri ya gari, lakini lori la Mzee Hamisi lilikuwa mbali likishusha mzigo, na bateri ya gari iliyokuwa nzima karibu nasi ilikuwa moja tu, ya kipaza sauti cha msikiti. Nikaenda kwa Maalim Idi, anayeadhini pale.

"Mi nikupe bateri ya msikiti ujaze mchezo?" Maalim alishika kichwa. "Na adhana je?"

"Maalim, nitachota kikombe kimoja kwenye pipa. Haitapungua hata kidogo."

"Bateri si pipa. Leo kikombe, kesho watu hawaamki kwa alfajiri. Kwaheri, mwanangu."

Nilirudi nimekasirika hata salamu sikuitikia. Bariyeri tatu zimekula bateri yangu kwa kicheko, halafu mtu wa Mungu ananinyima kikombe! Shangazi akanisikiliza, akajifunga mtandio, akasema: "Nishike mkono." Tukaenda.

"Maalim," alisema mlangoni, "kanzu hiyo uliyovaa ilishonwa na nani?"

"Na wewe, Mama Mwajuma."

"Na ile ya sikukuu ya Idi?"

"Na wewe."

"Nilikudai umeme wa macho niliyoyachosha humo?"

Maalim akaingia ndani. Halafu akatoa bateri mwenyewe, akaiweka barazani. "Lakini alasiri mi nitaadhini na koo langu. Siiamini hiyo chaja." Kisha akafanya jambo ambalo silisahau. Akasimama mbele ya msikiti akatangaza kwa sauti yake tupu kwamba baadaye kutakuwa na mvumo kwenye uwanja wa mpira, ni mchezo wa mtoto wa Mama Mwajuma, watu wasikimbie. Kwa sababu Muyinga wakati ule mtu akisikia kitu kinavuma juu anachukua mtoto na godoro anaingia msituni. Mimi mwenye ndege nilikuwa sijafikiria hilo kabisa.

Saa kumi, baada ya swala, watu walikuwa wamejaa pembeni mwa uwanja. Mbingu ilikuwa na mawingu mepesi, jua halichomi. Nilimkalisha shangazi kwenye kiti katikati, nikarusha. Bawa la kushoto lilishika. Ndege ikapanda, ikageuka chali, ikapita chali juu ya uwanja mzima, watu wakapiga vigelegele, na Maalim Idi, ndiyo, Maalim Idi, akapiga makofi.

"Iko wapi?" shangazi alikuwa anauliza. "Iko wapi, Shabani? Naona weupe tu, mbingu yote."

Dakika ya tatu. Nikaishusha. Nikaileta polepole mbele yake, nikainyanyua pua, nikaisimamisha wima hewani hatua tatu kutoka usoni pake. Upepo wa helisi ukamrushia mtandio. Kuisimamisha hivyo kunakunywa bateri kuliko kitu chochote, lakini ndege ilisimama. Shangazi akainama mbele. Akakunja macho. Akakunja uso.

"Shabani!"

"Naam, Shangazi."

"Uzi huo ni mweusi!"

Ndege ikayumba.

"Ulisema nyekundu! Ulikaa pale ukaniangalia nikishona nyeupe kwa nyeusi kama fundi anayeanza kujifunza, ukanisifu! Na watu wote hawa wanaona!"

Niliitua ndege kwenye nyasi, nikakaa chini. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Nimetembea na hasira kutoka daraja la Ruvubu, nikimlaani mwanajeshi aliyesema kipofu haoni, na mimi ndiye niliyefunga mdomo chumbani kwa sababu niliamini vile vile. Asha na masufuria yake, mwanajeshi na kicheko chake, mimi na huruma yangu: hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Mama Mwajuma anaona nini, na anaona wapi. Ndani ya chumba kile cha giza hata mimi nisingeona vizuri. Nje, chini ya mawingu, kwa hatua tatu, anaona mshono.

Jioni ile ile aliamuru cherehani itolewe barazani, upande usiopigwa na jua. Asha alibeba masufuria, akasema samahani mara mbili. Shangazi akaifumua kazi yake yote ya kwenye bawa, mshono mmoja mmoja, akaishona upya kwa uzi mwekundu aliouchagua mwenyewe, akiuinua kwenye mwanga kwanza. Akakata uzi kwa meno, akasema: "Mara nyingine nikikosea, useme. Mi si yai."

Ijumaa saa tatu asubuhi lori lilianza kurudi Gitega, na kwenye daraja la Ruvubu alikuwa mwanajeshi yule yule, mrefu. Safari hii hakuomba niwashe. Alichungulia dirishani akatabasamu.

"Na kipofu wako? Aliona avioni?"

Nikafunua shuka, nikamgeuzia bawa la kushoto. Akapitisha kidole kwenye mshono ule mwekundu, kutoka mwanzo hadi mwisho, haukupinda popote.

"Nani ameshona hii?"

"Yeye," nikamwambia. "Na wewe ulimcheka."

Mzee Hamisi alikuwa amekwisha kuondoa gari.